Wanafunzi watano, kompyuta moja: Je, mwanao anaona?

Katika shule yenye bajeti finyu, kipindi cha kompyuta huwa ni wanafunzi wanne au watano waliobanana mbele ya skrini moja. Kushirikiana si kubaya, kwani watoto hufundishana vizuri. Hata hivyo, mzazi anapaswa kujua mambo matatu ya kiafya yanayoambatana na benchi hilo.

Macho mekundu

Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa Dar es Salaam na mikoa mingine. Mara nyingi ugonjwa huu husababishwa na virusi, na mikono ndiyo huvisafirisha. Mtoto mgonjwa hufikicha jicho kisha hushika kipanya. Mwenzake hukishika hichohicho, kisha naye hufikicha jicho lake.

Kinga yake ni rahisi: kunawa kwa maji tiririka na sabuni kabla na baada ya kipindi. Kibodi na kipanya vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kompyuta ikiwa imezimwa.

Mtoto mwenye macho mekundu abaki nyumbani hadi machozi na tongotongo viishe. Usimtie maziwa ya mama, chai, wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Akiwa na maumivu makali, ukungu machoni au akiogopa mwanga, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Shingo na mgongo

Anayekaa pembeni hupinda shingo kipindi kizima. Dawa yake ni zamu: kila baada ya dakika 10 hadi 15 wabadilishane nafasi, na kila dakika 20 wote watazame mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Anayekazia skrini macho hupepesa kope mara chache, hivyo macho hukauka na kuwasha.

Asiyeona hujificha

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mtoto akiwa peke yake kwenye kompyuta, asipoona utamjua mara moja. Wakiwa watano, jirani humsomea, naye huitikia pamoja na wenzake. Mwalimu hudhani mambo ni shwari, na matokeo yakiwa mabaya mtoto huitwa mvivu.

Dalili zake ni kukunja macho, kuinamisha kichwa upande mmoja, kuumwa kichwa baada ya masomo, kusogelea sana daftari au televisheni, na kuwaachia wenzake kipanya kila siku.

Nyumbani, mwambie asimame mita 3 kutoka kwenye kalenda ya ukutani, azibe jicho moja na kusoma tarehe, kisha abadilishe jicho. Mlinganishe na ndugu yake. Jicho moja likishindwa, usisubiri. Jicho dhaifu lisiposaidiwa mapema, ubongo huzoea kulipuuza, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo tiba inavyokuwa ngumu. Hata akifaulu, dalili zikiendelea apimwe na mtaalamu wa macho.

Wazazi wengi huniambia miwani itamharibia mtoto macho. Si kweli. Miwani iliyopimwa vizuri humsaidia kuona na kusoma.

Leo jioni usimuulize tu amejifunza nini. Muulize alikaa wapi, na maandishi ya kwenye skrini aliyasoma mwenyewe au alisomewa.