Chanjo ya Kifua Kikuu Mwilini mwa Mzee

Bila shaka unalifahamu lile kovu dogo mkononi linaloachwa na sindano ya BCG. Chanjo hiyo ilitengenezwa na Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, na ilianza kutolewa kwa binadamu mwaka 1921. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mchanga na kifua kikuu kikali, hasa kile cha utando wa ubongo. Je, ina faida kwa mzee?

Kinga za aina mbili

Kinga ya kwanza ni ya asili, tunazaliwa nayo. Ni kama walinzi wa mlangoni: chembe nyeupe za damu humvamia mdudu yeyote mgeni bila kumwuliza jina. Kinga ya pili hujifunza kumtambua kila adui na kumkumbuka. Uzeeni zote mbili hulegea, ndiyo maana homa ya mapafu huwa hatari kwa wazee.

Zamani wataalamu waliamini kwamba walinzi wa mlangoni hawana kumbukumbu. Mwaka 2012 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kuwa BCG huzinoa chembe hizo kwa miezi kadhaa, zikapambana vikali hata na vijidudu visivyo vya kifua kikuu.

Wazee walipochanjwa

Huko Ugiriki walichanjwa wazee wa miaka 65 na zaidi waliokuwa wakitoka hospitalini. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wazee 25 katika kila 100 waliochanjwa walipata maambukizo, ilhali kwa wenzao waliochomwa maji matupu walikuwa 42. Lakini huko Uholanzi, kati ya wazee zaidi ya 2,000, BCG haikupunguza magonjwa ya njia ya hewa. Basi, kunolewa kwa walinzi si lazima kumwepushe mzee na ugonjwa.

Tufanye nini?

Usimpeleke mzee kudai BCG. Haimkingi vya kutosha mtu mzima na kifua kikuu, na kwa kuwa ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, ni hatari kwa mtu ambaye kinga yake imepungua sana.

Tena, kovu la utotoni lisitudanganye. Mzee akikohoa wiki mbili au zaidi, akikonda au kutokwa jasho usiku, tusiseme ni baridi au ni uzee tu. Apelekwe akapimwe makohozi. Kifua kikuu hupona, mradi mgonjwa ameze dawa zote mpaka mwisho.