Wababe wa zamani warudi ulingoni!

Jamani wapenzi wa gemu, mnalikumbuka Marvel vs. Capcom 2? Lile la mwaka 2000, lenye wapiganaji 56! Kila mchezaji anachagua watatu, mmoja akichoka anampisha mwenzake. Wolverine anatwangana na Ryu mpaka padi inalowa jasho.

Basi mwaka 2013 gemu hilo likaondolewa kwenye maduka ya intaneti. Si kwamba lilikuwa bovu, hapana. Kisa ni makaratasi. Walilitengeneza Capcom, lakini akina Wolverine ni mali ya Marvel. Mkataba ukiisha, biashara imekwisha, hata kama washabiki wanalilia. Wenye diski za zamani wakazishika kama dhahabu, waliochelewa wakabaki kumeza mate.

Septemba 2024 Capcom wakalirudisha, safari hii ndani ya mkusanyiko wa magemu 7. Limo X-Men: Children of the Atom la 1994, limo pia The Punisher la 1993, ambalo ni la kutembeza kichapo mitaani, siyo ulingoni. Na mpinzani wako anaweza kuwa mbali, mkazichapa kwa intaneti.

Ila sikilizeni, washkaji. Mkataba ulioisha jana, kesho unaweza kuisha tena. Kwa hiyo kama mfuko unaruhusu, chukua diski. Diski unamwazima rafiki, na ukikwama unaiuza. Ya kupakua utamwazima nani?