Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya, Jua Kinachochelewesha ya Zamani

Wakazi wengi wa Kitale na Bungoma sasa hutafuta huduma za serikali wakiwa nyumbani. Ritani za KRA, maombi ya mkopo wa HELB, uteuzi wa kozi kupitia KUCCPS na huduma za eCitizen zote hufanyika mtandaoni. Kompyuta ikianza kuzubaa, ushauri huwa mmoja: nunua nyingine yenye prosesa ya kasi zaidi. Kwa familia inayosubiri malipo ya mahindi ili ilipe karo, ushauri huo ni ghali, na mara nyingi hautatui tatizo.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Ile ya gigahezi 2 hupiga mapigo bilioni 2 kwa sekunde. Mtu anapoandika barua au kujaza fomu, prosesa hukaa karibu bila kazi, ikimsubiri abonyeze kitufe kinachofuata.

Kompyuta nyingi za nyumbani hucheleweshwa na mambo matatu. La kwanza ni diski ya zamani inayozunguka, ambayo huchukua muda kutafuta kila faili. Diski ya SSD haina kinachozunguka, na kompyuta iliyowekewa SSD huwaka kwa muda mfupi zaidi. La pili ni uhaba wa RAM, yaani kumbukumbu inayobeba kazi zilizofunguliwa. GB 4 hujaa upesi kurasa nyingi za intaneti zikifunguliwa. GB 8 hutosha matumizi ya kawaida. La tatu ni mtandao. Tovuti ikilemewa na watu usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, itakwama hata kwenye kompyuta mpya.

Kujua tatizo liko wapi ni rahisi kwa wanaotumia Windows. Kompyuta inapokwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka huonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, RAM na diski zinavyotumika. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini, badilisha diski. RAM ikijaa, ongeza RAM. Muulize fundi kwanza kama kompyuta yako inakubali kuongezewa, kwani baadhi ya laptopu huwa na RAM isiyoweza kubadilishwa. Nakili faili zako kwenye flashi kabla ya kazi kuanza.

Wapo wanaohitaji prosesa ya kasi kweli: wanaohariri video, wachoraji wa ramani za majengo na wachezaji wa michezo mizito.

Jambo jingine ni usalama. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017, hata kama bado zinafanya kazi vizuri. Anayenunua laptopu iliyotumika aulize kwanza kama inakubali Windows 11, ndipo aulize bei. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kuwekewa Linux, ambayo matoleo yake mengi hayalipiwi na hutosha kwa barua, fomu na masomo.

Pima kwanza, kisha ununue kinachokosekana.