Kupakia, Kubeba na Kupanda: Abiria wa Pikipiki katika Msamiati wa Kiswahili, kutoka Vitshumbi hadi Pwani

1. Utangulizi

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kilichoko kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Edward, katika wilaya ya Rutshuru, jimbo la Kivu Kaskazini. Kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma ni miongoni mwa vijiji vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa kisheria upande wa Kongo wa ziwa hilo. Njia itokayo kijijini hukatiza mbuga hadi Rwindi, ambako hukutana na barabara kuu iendayo Goma kwa upande wa kusini na Butembo kwa upande wa kaskazini. Katika njia za aina hii, ambazo mvua huziharibu na mapigano huzifunga mara kwa mara, pikipiki ndogo hufika pale ambapo gari hushindwa. Nyuma ya dereva huwekwa samaki, na nyuma ya dereva huyo huyo hukaa mtu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kinavyomtaja mtu huyo anayekaa nyuma. Hoja kuu ni kwamba vitenzi vya lugha yetu humtazama abiria kwa macho mawili: mara kama mzigo, mara kama mtendaji. Tofauti hiyo si ya kisarufi tu, kwani ina uzito katika usalama wa maisha yake.

2. Majina ya chombo na ya mwendeshaji

Neno pikipiki ni tanakali sauti: chombo kimepewa jina kutokana na mlio wa injini yake. Neno bodaboda lina asili nyingine. Lilianzia Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na bidhaa kati ya vituo viwili vya mpakani. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka likatamkwa mara mbili, likaingia katika umbo la uradidi ambalo Kiswahili hulipenda, na hivyo likakaa sambamba na pikipiki bila kuonekana geni. Baadaye lilihama kutoka baiskeli hadi pikipiki, na leo hutaja chombo, kazi na hata mwendeshaji mwenyewe.

Katika Kongo mashariki, Kiswahili kimekopa kutoka Kifaransa. Pikipiki huitwa moto, na mwendeshaji wake ni motari, wingi wake ukiwa bamotari kwa kiambishi ba- ambacho ni cha kawaida katika Kiswahili cha huko. Mkopo huu umezaa homonimu, kwa kuwa moto ni pia ule uunguzao. Katika Kiswahili sanifu upatanisho wa kisarufi ungeweza kutenganisha maana hizo: “moto umewaka” ingehusu jiko, na “moto imewaka” ingehusu injini. Lakini katika mazungumzo ya kila siku ya Goma upatanisho wa ngeli aghalabu hulegea, na kazi ya kutenganisha maana huachiwa muktadha. Hata hivyo wasemaji hawapotezani: anayeuliza bei ya moto stendi haulizi bei ya kuni.

3. Abiria kama mzigo

Kitenzi kinachotumika sana na madereva wa Tanzania na Kenya ni kupakia. Maana yake ya msingi ni kuweka shehena chomboni, iwe jahazini, garini au mgongoni mwa punda. Kinyume chake ni kupakua, ambako kiambishi cha utenduzi hubatilisha tendo la kwanza. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Dereva husema kwamba amempakia abiria, lakini hasemi kwamba amempakua. Mwisho wa safari abiria hushushwa, au hushuka mwenyewe. Kinachopakuliwa ni gunia, au chakula kitokacho chunguni. Basi sitiari ya mzigo huanza mwanzoni mwa safari na hukatika mwishoni, kana kwamba lugha yenyewe hukumbuka kuwa aliyebebwa alikuwa mtu.

Kitenzi kubeba kina upana zaidi. Samaki hubebwa, mtoto hubebwa mgongoni kwa mbeleko, na abiria pia hubebwa. Kwa mwanamke anayetoka Vitshumbi na samaki wake kwenda sokoni, kitenzi kimoja chatosha kumtaja yeye na bidhaa yake.

Mfano mkali zaidi ni mshikaki. Katika miji ya Tanzania, kupakia mishikaki ni kuchukua abiria wawili au zaidi katika pikipiki moja, wakiwa wamebanana kama vipande vya nyama kwenye kijiti. Sitiari hii ni ya ufundi na huchekesha, nayo imeenea hadi katika matamko ya polisi na vichwa vya habari. Lakini kicheko hicho kina gharama. Sheria ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu katika pikipiki, na sababu yake ni dhahiri. Jina lenye mzaha huifanya hatari ionekane kuwa ni desturi.

4. Abiria kama mtendaji

Upande wa pili wapo kupanda, kushika, kukaa na kushuka. Katika vitenzi hivi abiria ndiye kiima cha sentensi. Hata anapopandishwa, kiambishi cha usababishi huonyesha kwamba dereva ameliwezesha tendo ambalo bado ni la abiria. Neno abiria lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lahusiana na kuvuka na kupita: abiria ni mvukaji.

Mtazamo huu ndio unaolingana na hali halisi ya chombo. Pikipiki za biashara za eneo hili aghalabu huwa na injini ya ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 125, na uzito wa takriban kilo 110. Dereva na abiria wenye kilo 70 kila mmoja wana jumla ya kilo 140. Yaani, waliopanda ni wazito kuliko walichopanda. Uzito wa abiria huangukia zaidi gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi na usukani ukapungua uthabiti. Kusimama nako huhitaji umbali zaidi. Tena, gunia lililofungwa vizuri halisogei, ilhali abiria husogea kwa hiari yake. Dereva akilalia kona na abiria akajivuta upande wa pili kwa hofu, chombo huyumba. Hivyo basi abiria ni mwendeshaji wa pili asiye na usukani.

5. Lugha ya maonyo

Hapa ndipo suala la msamiati linapogusa uhai. Utafiti wa kimataifa umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na hatari ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini maonyo mengi huelekezwa kwa dereva peke yake: asizidishe mwendo, asizidishe abiria, avae kofia. Abiria hutajwa kama kitu kinachozidishwa au kupunguzwa, si kama mtu anayeambiwa jambo. Pia “kofia ngumu” ya maandishi sanifu huenda isimfikie kwa wepesi msikilizaji wa Kivu Kaskazini, ambaye hukijua chombo hicho kwa jina lake la Kifaransa.

Waandishi wa maonyo wangefaa kumfanya abiria kuwa kiima: “Vaa kofia kabla ya kupanda. Mshike dereva. Lala naye kwenye kona. Akizidisha mwendo, mwambie asimame, ushuke.” Sentensi hizi ni fupi, na kila moja humpa abiria tendo la kufanya.

6. Hitimisho

Nchini Tanzania waendesha bodaboda wamepata jina la heshima la maafisa usafirishaji, lililoanza kwa mzaha likaishia katika hotuba za viongozi. Abiria hajapata jina jipya, wala pengine halihitaji. Kiswahili tayari kina kitenzi kupanda, kinachoeleweka Vitshumbi kama kinavyoeleweka Dar es Salaam, na ambacho humwacha abiria akiwa mtu tangu anapokaa nyuma ya dereva hadi miguu yake inapogusa ardhi.