Urembo wa samaki sebuleni unavyoficha sumu ya baharini

Atazamwapo ndani ya tangi la kioo, samaki wa mapambo aliyenaswa kwa sumu hana tofauti na mwenzake aliyenaswa kwa wavu. Rangi ni zile zile, mapezi ni yale yale, na huenda hata akala vizuri siku ya kwanza na ya pili. Aghalabu mnunuzi hushtuka wiki chache baadaye, samaki wake anapopatikana akielea tumbo juu ilhali hakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa.

Sumu yenyewe ni sayanidi, kemikali ile ile inayotumiwa migodini kutenga dhahabu na mawe. Ilianza kutumiwa kuwanasa samaki wa mapambo nchini Ufilipino mapema katika miaka ya 1960, kisha ikaenea hadi Indonesia, ambako wavuvi waliitumia pia kuwanasa chewa hai wa kuuzwa kwenye mikahawa ya Hong Kong.

Namna ya kuitumia ni sahili mno. Vidonge vya sayanidi huyeyushwa katika maji ya bahari ndani ya chupa ya plastiki. Mzamiaji hushuka nayo, mara nyingi akivuta hewa kupitia mpira mrefu uliounganishwa na kompresa iliyo mashuani, na kuipulizia kwenye mwanya wa matumbawe alimojificha samaki. Sayanidi huuzuia mwili kutumia oksijeni. Samaki hulewa, akapepesuka na kuokotwa kwa mkono. Akigoma kutoka, mzamiaji huyavunja matumbawe kwa mtaimbo.

Anayetakiwa ni samaki mmoja, lakini wingu la sumu halichagui. Samaki wadogo na mayai yaliyo karibu huangamia. Matumbawe nayo, ambayo ni wanyama hai wala si mawe kama wengi wanavyodhani, huupoteza mwani mdogo sana uishio ndani yao na kuwatengenezea chakula kwa nguvu za jua. Yakishaupoteza hugeuka meupe, na yakipigwa na sumu mara kwa mara hufa. Tumbawe lililochukua miongo kadhaa kukua huharibiwa kwa dakika chache, na pamoja nalo makao ya samaki ambao mvuvi huyo huyo angewahitaji mwaka ujao.

Ni rahisi kumlaumu mzamiaji, ila yeye ndiye apataye kidogo kuliko wote. Mara nyingi dalali ndiye humkopesha fedha na kumletea sumu, na deni hulipwa kwa samaki. Anayekaa chini muda mrefu kisha akapanda juu kwa pupa hujasiriwa na mapovu ya hewa katika damu. Wapo waliopooza, na wapo waliokufa.

Si kwamba sheria hazipo. Ufilipino ilipiga marufuku uvuvi wa sumu katika amri ya mwaka 1975, ikakaza kamba kwa sheria ya uvuvi ya 1998 na kuongeza adhabu mnamo 2015. Indonesia nayo imeukataza. Tatizo ni visiwa maelfu kwa maelfu na maafisa wachache wa doria. Marekani, soko kubwa kuliko yote la samaki hawa, ina sheria inayokataza kuingiza samaki waliovuliwa kinyume cha sheria za nchi watokako, lakini ushahidi ni mgumu kupatikana. Mwili wa samaki huibadili sayanidi upesi na kuitoa kwa mkojo. Mwaka 2012 wanasayansi nchini Ureno walitangaza njia ya kuyapima mabaki hayo katika maji ya tangi, ila watafiti wengine waliojaribu baadaye waliitilia shaka.

Hapo ndipo mzigo unapomwangukia mnunuzi. Wengi wa samaki wa mapambo wa maji baridi hufugwa, lakini walio wengi wa baharini bado huvuliwa. Uchunguzi wa hati za forodha za Marekani ulionyesha kwamba kati ya 2004 na 2005 nchi hiyo iliingiza samaki zaidi ya milioni 11 kwa mwaka mmoja, na zaidi ya wanane kati ya kila kumi walitoka Ufilipino na Indonesia. Asiyeuliza samaki ametoka wapi na alinaswaje, akachagua wa bei nafuu tu, humlipa mwenye chupa ya sumu ajue asijue.

Wapo wanaopendekeza biashara yote isusiwe. Hoja hiyo ina uzito, lakini ingemwadhibu pia asiye na hatia. Katika pwani ya Kenya, hususan Kilifi na Kwale, wazamiaji huwanasa samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo na kuwauza kwa kampuni zinazowasafirisha ng'ambo kwa ndege. Kazi hiyo nayo yataka usimamizi, maana hata wavu waweza kumaliza samaki, ila huyaacha matumbawe yakiwa hai. Tena mvuvi mwenye matumaini ya kuuza samaki kesho ana sababu ya kuilinda bahari leo.

Njia nyingine ni kununua samaki waliozalishwa matangini. Yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, aliyepata umaarufu kupitia filamu ya Finding Nemo mwaka 2003, hufugwa kwa wingi. Yule wa buluu wa jamii ya kangaja aliwashinda wafugaji kwa miaka mingi, hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walipofaulu kumkuza kutoka yai mwaka 2016.

Swali la asili ya samaki huwa gumu zaidi kila anapobadilisha mikono. Kwa muuzaji wa jumla, samaki wa nchi mbalimbali huwekwa katika matangi yanayozungukwa na maji yale yale, na wafikapo dukani kibandiko huonyesha jina na bei tu. Aliyenaswa kwa wavu Shimoni na aliyeleweshwa kwa sumu Ufilipino huogelea bega kwa bega, bei moja.