Chokaa Katika Mishipa ya Wagonjwa wa Figo

Mtu akiambiwa kwamba figo zake zimeshindwa kazi, jamaa zake huiogopa mashine ya kusafisha damu na gharama zake. Wana haki ya kuogopa. Hata hivyo, sababu kuu ya vifo vya wagonjwa hao ni maradhi ya moyo na mishipa, na njia mojawapo ya kufikia huko ni mishipa ya damu kugeuka migumu kama mfupa.

Neno mfupa halikutumika hapa kwa kutia chumvi. Figo nzima huitoa fosfati ya ziada kwa njia ya mkojo. Zikishindwa, fosfati hulimbikizana katika damu, na seli za misuli zilizomo katika kuta za mishipa, ambazo kazi yake ni kukaza na kulegeza, huanza kufanya kazi ya seli zijengazo mifupa. Wakati huohuo vitezi vinne vidogo vya shingoni hutoa kwa wingi homoni inayochota kalsiamu mifupani. Mifupa hudhoofika na mishipa hukakamaa. Moyo nao hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi.

Jambo hili si la wazee peke yao. Mwaka 2000 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapiga picha za moyo vijana waliokuwa wakisafishwa damu. Kati ya vijana 16 wenye umri wa miaka 20 hadi 30, 14 walikutwa na chokaa katika mishipa ya moyo. Kati ya watu 60 wa umri huohuo wasio na ugonjwa wa figo, walikuwa watatu tu.

Liko jambo jingine lililowashtua. Waliokutwa na chokaa walikuwa wakimeza kila siku karibu mara mbili ya kalsiamu waliyomeza wenzao, na kalsiamu hiyo ilitoka katika vidonge vya tiba, vya kunasa fosfati ya chakula tumboni. Vidonge hivyo vilichukua nafasi ya vile vya aluminiamu, vilivyodhihirika kudhuru ubongo na mifupa. Mwaka 2017 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya figo ulishauri kiasi cha vidonge vya kalsiamu kiwekewe mpaka. Visivyo na kalsiamu vipo, ila ni ghali zaidi, na hapo ndipo suala la daktari linapokuwa pia suala la bajeti ya dawa.

Kuhusu chakula, wagonjwa wengi hukatazwa maharage kwa haraka mno. Fosfati ya maharage na nafaka huingia mwilini kwa sehemu tu. Ile inayotiwa viwandani katika soseji, nyama za makopo na soda za kola huingia karibu yote, na mara nyingi lebo hutaja jina au namba ya kiungo hicho bila kutaja kiasi chake.