Heri Kukataa Kuliko Kunyamaza

Wakala wa kutuma pesa pale Ujiji akitumia simu ya Android, chini ya programu anayoiona kuna kiini cha Linux. Programu hukiomba kiini hicho soketi, yaani mlango wa kupitishia data, na pamoja na ombi hupeleka bendera: biti zinazoeleza kazi ifanywe vipi. Biti moja husema programu isizuiwe wakati jibu halijafika. Bila tahadhari ya namna hiyo, mtandao ukiyumba katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, programu yaweza kuganda ikingoja. Biti nyingine husema mlango usirithiwe na programu mpya itakayoanzishwa. Mambo haya ni madogo, lakini yana kanuni mbili zisizopaswa kuvunjwa: bendera itolewe soketi inapozaliwa, na bendera isiyojulikana ikataliwe waziwazi.

Kanuni ya kwanza ilichelewa kueleweka. Soketi zilisambaa kupitia 4.2BSD, mfumo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Wito, yaani ombi la programu kwa kiini, wa kupokea mgeni mlangoni, accept, haukuwa na nafasi ya bendera. Programu ilipokea kwanza, kisha ikaweka masharti kwa wito wa pili. Mtu atauliza, kuna ubaya gani kufanya kazi kwa hatua mbili? Ubaya umo katikati ya hatua hizo. Programu yenye nyuzi kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja yaweza kuanzisha programu nyingine kabla sharti halijawekwa, na mlango ukarithiwa na asiyehusika. Ndiyo maana mwaka 2008 Linux iliruhusu bendera katika wito wa socket wenyewe, ikaongeza na accept4, yaani accept yenye nafasi ya bendera.

Kanuni ya pili ina ushahidi mzito zaidi. Wito wa kutuma data, send, katika Linux ulizoea kupuuza biti usiyoijua. Ni sawa na karani wa bandari ya Kigoma anayepokea mzigo wa kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wenye maagizo asiyoweza kuyasoma, akanyamaza na kuupakia. Gharama ilionekana mwaka 2017, katika Linux 4.14, ilipoongezwa bendera ya kutuma data bila kuinakili, MSG_ZEROCOPY. Kwa kuwa programu za zamani huenda zilikuwa zikipeleka biti hiyo kwa bahati mbaya, bendera peke yake haikutosha. Programu ililazimika kwanza kutangaza nia kwa wito mwingine. Ulegevu wa jana ukazaa utata wa leo.

Wapo wanaosema kukataa kunazuia programu mpya kufanya kazi kwenye mifumo ya zamani. Hoja hiyo ina uzito, maana simu nyingi hutumika miaka mingi bila kusasishwa. Lakini kosa linalorudishwa ni taarifa: programu ikiambiwa bendera haifahamiki, hujaribu tena bila bendera hiyo na kuweka sharti kwa njia ya zamani. Isipoambiwa kitu, hudhani imelindwa kumbe haijalindwa. Anayebuni wito mpya leo na akague kila biti tangu siku ya kwanza. Ukaguzi wenyewe hauzidi mistari michache ya msimbo, na kuuongeza baadaye kunaweza kuvunja programu zilizokwisha kuzoea ukimya.